Grili ya Umeme ya Kisasa: Je, Usahihi Wake Unastahili Bei Yake?

Katika miaka ya karibuni, maduka ya vifaa vya nyumbani pamoja na wauzaji wa mitandaoni wamekuwa wakinadi aina mpya ya jiko la kuchomea. Ni grili ya umeme ya mezani yenye vihisi vya joto, kioo cha kuonyesha nyuzi na, mara nyingine, programu ya simu inayomjulisha mpishi kwamba nyama imeiva. Muuzaji huahidi mambo matatu: nyama isiyoungua, jiko lisilotoa moshi, na mpishi asiyelazimika kusimama jikoni. Bei ya kifaa hiki huweza kufikia mara kadhaa ya bei ya grili ya kawaida.

Suala hili limekuja wakati mwafaka. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kaya nyingi zinatafakari kuachana na mkaa, na wafanyabiashara wanalijua hilo. Hata hivyo, kupika kwa umeme ni jambo moja, na kununua kifaa cha umeme cha bei ya juu kuliko vyote dukani ni jambo jingine. Yawezekana kifaa kikawa kizuri sana, lakini uzuri wake usiwe ule ambao familia yako inauhitaji.

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji ataweza kueleza maana ya usahihi unaotangazwa, kukokotoa gharama halisi ya kumiliki grili, kutambua hatari za umeme na za chakula, na kujua haki zake iwapo kifaa hakitatimiza ahadi.

1. Usahihi unaouzwa ni upi?

Grili ya kawaida hudhibitiwa na thermostati, yaani kidhibiti kinachokata umeme joto la bamba linapozidi kiwango fulani na kuurudisha linaposhuka. Kwa sababu hiyo joto hupanda na kushuka wakati wote wa kupika. Grili ya kisasa ina kihisi kinachopima joto mara kwa mara, na kompyuta ndogo inayopunguza au kuongeza nguvu kidogo kidogo kabla joto halijapotoka sana. Matokeo yake ni bamba lenye joto tulivu.

Neno "usahihi" katika matangazo hubeba maana tatu tofauti, na mnunuzi anapaswa kuuliza ni ipi inayokusudiwa.

Maana ya kwanza ni usahihi wa bamba. Kifaa kinajua joto la chuma, lakini hakijui joto la katikati ya nyama. Bamba laweza kuwa na nyuzi 200 za Sentigredi ilhali kiini cha kipande kinene bado kina nyuzi 40.

Maana ya pili ni usahihi wa makadirio. Grili nyingine hupima umbali kati ya bamba la juu na la chini ili kujua unene wa nyama, kisha hukadiria muda wa kuiva. Haya ni makadirio tu. Hayajui kama nyama ilitoka kwenye friza sasa hivi au ilikuwa mezani.

Maana ya tatu ni usahihi wa kiini. Kifaa huja na kipimajoto cha sindano kinachochomwa ndani ya nyama. Huu ndio usahihi wenye manufaa makubwa zaidi kwa afya. Lakini sindano hiyo hiyo hupatikana pia ikiuzwa peke yake kama kipimajoto cha jikoni, kwa bei ndogo sana ikilinganishwa na ya grili. Tunamwomba msomaji akumbuke jambo hili, maana tutalirejea katika hesabu.

2. Je, usahihi huo unakifaa chakula chetu?

Grili nyingi za aina hii zilibuniwa kwa ajili ya kipande bapa cha nyama ya ng'ombe kisicho na mfupa, kinachopendwa kikiwa chekundu ndani. Kwa mlaji wa namna hiyo, tofauti ya nyuzi tatu hubadilisha kabisa ladha na ulaini. Lakini katika nyumba nyingi nchini nyama huliwa ikiwa imeiva barabara. Anayetaka nyama iliyoiva barabara kila siku atakuwa amelipia viwango vingi vya uivaji ambavyo hatavigusa.

Yafaa pia kuutazama umbo la chakula chenyewe. Mishkaki ina vipande visivyolingana, na kijiti chake huinua bamba la juu. Paja la kuku lenye mfupa huyaachanisha mabamba, hivyo sehemu nyembamba haiguswi ipasavyo na kihisi cha unene hudanganyika. Samaki mzima hugandamizwa na kumeguka. Kwa upande mwingine, minofu ya kuku, minofu ya samaki, ndizi mbivu zilizopasuliwa, biringanya na mkate hupikika vizuri mno juu ya bamba lenye joto tulivu.

Kuna faida moja ambayo hutajwa mara chache. Grili chache za bei ya juu huweza kushikilia joto la chini kwa saa kadhaa. Nyama ngumu huwa na nyuzinyuzi ambazo hulainika taratibu zikipata joto la wastani kwa muda mrefu. Kwa anayepika nyama ya namna hiyo mara kwa mara, uwezo huu ni wa kweli na grili ya kawaida hauna. Hata hivyo, sufuria yenye mfuniko na moto mdogo hulainisha nyama hiyo pia, ingawa si kwa ladha ya kuchoma.

Kuhusu ladha, tuseme wazi: ladha ya nyama choma hutokana kwa sehemu kubwa na moshi wa mafuta yanayodondokea kwenye makaa. Grili ya umeme huipa nyama rangi ya kahawia na harufu nzuri, kwa kuwa mabadiliko hayo huanza uso wa nyama unapokauka na kupita takriban nyuzi 140. Harufu ya moshi wa makaa haitapatikana, hata kihisi kiwe cha namna gani.

3. Usalama wa chakula

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kipikwe hadi kiini chake kifikie nyuzi 70. Kwa kuku, mamlaka za chakula za Marekani hutaka nyuzi 74. Rangi ya nyama si shahidi wa kutegemewa. Kuku aweza kuonekana mweupe kabla hajafika kiwango hicho. Hapa kipimajoto cha sindano kina thamani isiyo na shaka, hasa katika nyumba yenye watoto wadogo, wajawazito, wazee au wagonjwa.

Kipimajoto nacho hupimwa. Kitie katika bilauri iliyojaa barafu iliyopondwa na maji kidogo. Kinapaswa kusoma nyuzi 0 au karibu yake. Kisha kitie katika maji yanayochemka. Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar kisome takriban 100. Katika nyanda za juu maji huchemka kwa joto la chini zaidi, kwani hupungua karibu nyuzi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa hiyo mkazi wa Arusha asishangae akisoma nyuzi 95, wala wa Mbeya akisoma 94. Kifaa chake ni kizima.

Hatari inayohitaji uangalifu zaidi ni umeme kukatika. Vijidudu huzaliana kwa kasi katika chakula chenye joto kati ya nyuzi 5 na 60. Nyama iliyowekwa kwenye joto la chini kwa saa nyingi, umeme ukikatika mpishi akiwa hayupo, hubaki katika eneo hilo la hatari. Grili nyingi za kidijitali haziwaki tena zenyewe umeme unaporudi. Tunashauri mambo mawili. Kwanza, upishi wa joto la chini ufanyike mtu akiwa nyumbani. Pili, umeme ukikatika kabla nyama haijaiva, imaliziwe mara moja kwenye jiko jingine. Ikiwa imekaa zaidi ya saa mbili bila moto, itupwe. Katika joto kali la mchana, muda huo uwe saa moja. Hasara ya kilo moja ya nyama ni ndogo kuliko gharama ya kulaza mgonjwa.

4. Moshi, mafuta na bamba lisiloshika chakula

Tangazo la "haina moshi" lisomwe kama "ina moshi kidogo". Mafuta yakipata joto kubwa hutoa moshi popote yalipo. Hata hivyo, faida ikilinganishwa na mkaa ni kubwa. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoweza kuua. Vilevile, mafuta yanayodondokea kwenye makaa huzalisha kemikali zinazohusishwa na saratani, ambazo hurudi kwenye nyama pamoja na moshi. Grili ya umeme huondoa hatari ya kwanza na kupunguza ya pili. Lakini faida hii ni ya umeme, si ya vihisi. Grili ya kawaida ya umeme inayo pia.

Mabamba mengi hupakwa utando unaozuia chakula kushika. Utando wa aina iliyozoeleka huanza kuharibika joto linapozidi nyuzi 260 na kutoa mvuke unaodhuru, hasa kwa ndege wafugwao ndani ya nyumba. Hapa udhibiti sahihi wa joto ni faida halisi, kwa sababu kifaa hujizuia kuvuka kiwango. Utando huo hukwanguka kwa kisu, uma au stili waya. Ukishakwanguka, grili ya gharama kubwa hubaki bila kazi, isipokuwa mabamba ya akiba yanapatikana nchini.

5. Hesabu ya gharama

Watumiaji wengi huogopa gharama ya umeme. Tuikokotoe. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Grili ya wati 2,000 ikitumia dakika 6 kupasha bamba na dakika 10 kupika, hata kama haikupumzika hata kidogo, hutumia takriban uniti 0.53. Ikiwa shilingi 10,000 zinakupatia uniti 28 kwenye LUKU, kila uniti ni kama shilingi 357, na mlo huo umegharimu takriban shilingi 190. Ukipika hivyo mara tatu kwa wiki, ni karibu uniti 7 kwa mwezi, yaani shilingi 2,500 hivi. Kila familia iweke bei ya uniti inayoilipa yenyewe. Wateja wadogo wenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi wazingatie kwamba uniti 7 ni karibu sehemu ya kumi ya mgao wao.

Gharama kubwa imo katika bei ya kununulia. Tuchukue mfano kwa ajili ya hesabu tu. Grili ya kisasa inauzwa shilingi 900,000. Grili ya kawaida inauzwa shilingi 150,000, na kipimajoto cha sindano shilingi 30,000, jumla 180,000. Tuseme vyote vitadumu miaka mitano.

Familia inayotumia grili mara tatu kwa wiki itaitumia mara 780. Kila matumizi ya grili ya kisasa yatakuwa yamegharimu shilingi 1,154 kabla ya umeme. Ya kawaida pamoja na kipimajoto, shilingi 231. Familia inayotumia grili mara moja kwa mwezi itaitumia mara 60 tu. Kwa familia hiyo kila matumizi ya grili ya kisasa ni shilingi 15,000, na ya kawaida ni shilingi 3,000. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize kwa unyofu: nitaitumia mara ngapi? Jibu la wiki ya kwanza ya furaha lisichukuliwe kuwa jibu la miaka mitano.

Ukubwa nao ni gharama. Bamba la sentimita 30 kwa 20 huchukua vipande sita au saba vya minofu ya kuku. Familia ya watu wanane, pamoja na mgeni asiyetarajiwa, itahitaji kupika kwa awamu mbili au tatu. Anayekusudia kuchomea wateja kibandani asome maelezo ya dhamana kwa makini: vifaa vingi vimeandikwa kuwa ni vya matumizi ya nyumbani pekee, na dhamana hukoma vikitumiwa kibiashara. Kukopa fedha ili kununua kifaa cha namna hiyo kwa biashara ni kujitia katika deni bila kinga.

6. Umeme wa nyumba yako

Umeme wetu ni wa volti 230 na mizunguko 50. Kifaa kilichonunuliwa Marekani, au kilichotumwa na ndugu aliye huko, mara nyingi ni cha volti 120. Kikichomekwa moja kwa moja huvuta zaidi ya mara tatu na nusu ya nguvu iliyokusudiwa, na huungua papo hapo. Transfoma ya kupunguza volti yenye uwezo wa kubeba wati 2,000 ni nzito na ya gharama. Iongeze katika hesabu kabla ya kupokea zawadi hiyo kwa shangwe.

Grili ya wati 2,000 huvuta karibu ampea 9. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Ukiichomeka grili pamoja na birika la umeme la wati 2,000 kwenye ekstensheni moja, jumla hupita ampea 17, na waya huanza kupata moto. Chomeka grili peke yake kwenye soketi ya ukutani yenye waya wa ethi. Usikate mguu wa tatu wa plagi.

Umeme unaopanda na kushuka huharibu kompyuta ndogo ya grili ya kisasa upesi kuliko thermostati ya grili ya kawaida. Kifaa cha kulinda friji chaweza kusaidia, lakini soma kwanza kinabeba ampea ngapi. Kilichotengenezwa kwa friji ndogo hakitahimili grili. Mfumo mdogo wa sola wa nyumbani pia hauwezi kuiendesha.

7. Programu ya simu

Grili inayounganishwa na simu huomba barua pepe, namba ya simu na wakati mwingine mahali ulipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mtu dhidi ya matumizi holela ya taarifa zake, lakini kinga iliyo bora ni kutotoa taarifa isiyohitajika. Muulize muuzaji: je, grili hufanya kazi zote bila simu? Kampuni ikiacha kuihudumia programu hiyo, sehemu ya kile ulichokilipia itatoweka ingawa chuma bado ni kizima.

8. Kabla ya kulipa

Tunapendekeza mnunuzi afanye yafuatayo:

- Aombe grili iwashwe dukani, aone kioo na vitufe vikifanya kazi.
- Akiweza, apange vipande vya mkate kwenye bamba zima kwa dakika chache. Mkate ukiungua upande mmja na kubaki mweupe upande mwingine, usahihi unaotangazwa haujaenea bambani.
- Asome kibandiko: volti, wati, nchi ilikotengenezwa na jina la mtengenezaji. Jina lenye herufi iliyobadilishwa kidogo ni dalili ya bidhaa bandia.
- Aulize kama mabamba hutoka kwa ajili ya kuoshwa, na kama mabamba ya akiba yanauzwa nchini.
- Adai dhamana ya maandishi yenye anwani ya fundi aliye nchini.
- Adai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa na bei kamili.

9. Iwapo ahadi haikutimia

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji kuhusu bidhaa. Ikiwa tangazo lilisema grili hupima joto la kiini cha nyama na kumbe hupima bamba pekee, hilo ni jambo la kulalamikia, si bahati mbaya ya mnunuzi. Acha kukitumia kifaa mara moja, usikifungue wala kumpa fundi wa mtaani, kwani dhamana yaweza kufutika. Piga picha za kasoro, tunza tangazo, kasha na risiti, kisha mwandikie muuzaji ukieleza kasoro na unachokitaka: matengenezo, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Asipojibu, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Tume hiyo ndiyo hushughulikia pia bidhaa bandia. Kifaa kinachorusha umeme au kutoa cheche kiripotiwe pia Shirika la Viwango Tanzania, ili wengine wasidhurike.

10. Hitimisho

Kwa maoni yetu, grili ya kisasa yenye usahihi inamfaa mtu anayechoma minofu mara kadhaa kwa wiki, anayejali kiwango mahususi cha uivaji, mwenye umeme tulivu na mwenye fundi wa kifaa hicho karibu. Kwa familia nyingine nyingi, grili ya kawaida iliyo imara pamoja na kipimajoto cha sindano kilichopimwa hutoa usalama ule ule na faida ile ile ya kuepuka moshi wa mkaa, kwa sehemu ndogo ya fedha. Na kwa anayechoma nyama mara moja kwa mwezi, pengine jambo la busara ni kutonunua kabisa na kuelekeza fedha hizo kwenye jiko la umeme la kupikia chakula cha kila siku.

Maswali ya kujipima

1. Grili unayoitazama hupima joto la bamba, unene wa nyama, au kiini chake? Umelithibitishaje?
2. Gawanya bei yake kwa idadi ya matumizi unayoyatarajia katika miaka mitano. Je, ungekuwa tayari kulipa kiasi hicho kila unapochoma?
3. Ni vyakula vipi unavyovipika mara nyingi ambavyo vina mfupa au kijiti?
4. Umeme ukikatika nyama ikiwa na nyuzi 45, utafanya nini?
5. Kifaa kikiharibika mwezi wa nane, utakipeleka kwa nani, na una maandishi gani mkononi?